Hertha Ayrton, zaidi ya taa za umeme

Ndugu, umeuliza kama ukimtoa Marie Curie kuna mwanasayansi mwanamke wa enzi zile aliyeingia mwenyewe kwenye harakati za haki za wanawake. Yupo: rafiki yake Curie, Hertha Ayrton, Mwingereza aliyezaliwa 1854. Taa za umeme za barabarani za wakati ule zilitoa mwanga kati ya vijiti viwili vya kaboni, zikawa zinapiga kelele na mwanga kuyumbayumba. Ni yeye aliyegundua sababu: oksijeni ya hewani ilikuwa inaifikia kaboni yenye moto. Mwaka 1902 alipendekezwa kujiunga na Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, wakamkatalia kwa kuwa ni mke wa mtu! Mwaka 1906 haohao wakampa tuzo yao, Medali ya Hughes.

Ninachompendea zaidi ni sensa ya 1911, wakati wanawake wa Uingereza hawakuruhusiwa kupiga kura ya ubunge. Badala ya kujaza fomu, aliandika juu yake akihoji: atajibuje maswali yote hayo ikiwa hana akili ya kuchagua kati ya wagombea wawili wa ubunge? Na wanawake waliofungwa kwa kudai kura, waliotoka gerezani wakiwa hoi kwa kugoma kula, akiwemo kiongozi wao Emmeline Pankhurst, aliwapokea nyumbani kwake na kuwauguza. Binti yake Barbara naye alifungwa 1912 kwa harakati hizohizo. Mwaka 1945 Barbara akachaguliwa kuwa mbunge.