Ukiunda modeli ya nani anamla nani baharini, anza na ukubwa wa mdomo

Modeli yangu ya kwanza ilipendeza kweli machoni. Visanduku kumi na vitano, kila kimoja na jina la samaki, na mishale imepangwa vizuri: dagaa analiwa na kibua, kibua na jodari, jodari na papa. Nikaiendesha kwenye kompyuta kwa kipindi cha miaka ishirini. Mwaka wa sita dagaa wakaisha wote, jodari wakafuata kwa njaa. Wiki mbili nzima nilikagua programu mstari kwa mstari nikitafuta kosa. Programu ilikuwa safi. Mishale ndiyo iliyonidanganya.

Nilikuwa nawafikiria samaki kama simba na swala. Swala hata siku moja hamli mtoto wa simba. Baharini mambo ni tofauti: samaki wengi hutoka kwenye yai la kama milimita moja, na hadi wafikie utu uzima uzito wao umeongezeka mara milioni na zaidi. Katika Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, heringi (samaki wa jamii ya dagaa) hula mayai ya chewa wa huko (cod kwa Kiingereza), na chewa akishakua humla heringi. Sasa mshale uuelekeze wapi? Ukimtia chewa mzima na yai lake kwenye kisanduku kimoja, umeshapotea kabla hujaanza.

Kwa hiyo, tenga angalau wachanga na wakubwa. Na ukiweza, acha majina kwanza, uzito ndio uamue. Samaki hatafuni kwa meno kama sisi, wengi humeza windo zima, hivyo upana wa mdomo ndio mpaka. Kwa kukadiria, mlaji huwa na uzito wa mara mia hivi ya windo lake, ingawa tofauti kati ya aina na aina ni kubwa. Kuna programu ya bure ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, iitwayo mizer iliyojengwa juu ya wazo hilo; laiti ningeijua mapema.

Halafu kuna matumbo. Usiamini jedwali la chakula cha samaki mpaka ujue lilipatikanaje. Nimewahi kupasua matumbo mwenyewe, na wengi wa waliotoka kina kirefu walifika juu tumbo limesukumwa nje kupitia mdomoni, kwa sababu kibofu cha hewa huvimba shinikizo la maji likipungua. Kilichokuwemo kimemwagika. Waliobaki na kitu, kwenye sahani unaona uji mweupe, vijiwe viwili vya sikio la samaki, na midomo migumu ya ngisi. Midomo hiyo hukaa tumboni muda mrefu, wakati kiwavi wa baharini, yule laini kama jeli, huyeyuka upesi. Ukihesabu unachokiona tu, utaapa kwamba samaki wako anaishi kwa ngisi. Ndiyo maana mwaka 1981, na tena 1991, watafiti wa Bahari ya Kaskazini walikusanya matumbo kwa maelfu. Matumbo thelathini hayatoshi. Isotopu za naitrojeni, yaani aina zake zinazotofautiana uzito, husaidia: ile nzito, naitrojeni-15, huongezeka mwilini kama 3.4 kwa elfu kila ngazi ya ulaji. Hazikwambii ameliwa nani, lakini zitakuumbua ukimweka mlaji ngazi isiyo yake.

Milinganyo ya Lotka na Volterra, ile hesabu ya zamani ya mlaji na windo, iheshimu, ila usiishie hapo. Volterra aliiandika mwaka 1926 baada ya mwanabiolojia D'Ancona kumwonyesha takwimu za masoko ya samaki ya Adriatiki: wakati wa vita ya kwanza ya dunia uvuvi ulipungua, na sehemu ya papa na jamii yao ikapanda. Tatizo ni kwamba mlaji wa milinganyo hiyo hashibi. Windo likiongezeka maradufu, naye anakula maradufu, bila kikomo. Tumia mkunjo wa mwanaikolojia Holling wa 1959, ambao hukumbuka kwamba kukamata na kumeng'enya kunachukua muda.

Windo nalo hujificha. Watumiaji wa Ecosim, programu ya kuiga nani anamla nani kadiri miaka inavyopita, wanakijua kigezo kinachoeleza ni kwa kiasi gani windo linafikika, na wengi hukiacha kwenye 2 jinsi kilivyokuja. Mimi pia. Siku niliyokipandisha hadi 10 kwa mlaji mmoja, grafu nzima ikageuka. Kijaribu kwa thamani nyingi kabla hujamwonyesha mtu matokeo.

Mwisho, tazama mshazari wa jedwali lako la nani anamla nani, pale samaki anapokutana na jina lake mwenyewe. Mimi niliujaza sifuri zote, nadhani kwa aibu tu. Chewa wakubwa huwala wadogo wao, na wala si kwa bahati mbaya. Nilipoandika asilimia tatu ya chakula chake kwenye kile kijisanduku kimoja, mawimbi ya idadi ya samaki kupanda na kushuka yaliyonisumbua miezi yakatulia jioni ileile.