Java 17 inalia "package javax.jws does not exist"? Soma hapa

Kaka, msimbo wako wa kutoa bei ya omena soko la Kibuye hauna kasoro. Somo unalofuata ni la Java 8. Tangu Java 11, JAX-WS (maktaba ya huduma za wavuti za SOAP, yaani zinazobadilishana ujumbe wa XML) iliondolewa kwenye JDK, kifurushi cha zana za Java, na wsimport, zana ya kuzalisha madarasa ya klienti, ikaenda nayo. Ongeza com.sun.xml.ws:jaxws-rt toleo la 4.0 kwenye pom.xml (faili la Maven linaloorodhesha maktaba za mradi), kisha ubadilishe javax.jws na javax.xml.ws ziwe jakarta.jws na jakarta.xml.ws kila mahali. Usichanganye! Ukiacha @WebService moja ya javax, na maktaba yake ya zamani bado imo, programu itajengeka vizuri, halafu Endpoint.publish, amri inayoiwasha huduma, ikatae kwa sababu haioni alama hiyo.

Ikiwaka, fungua http://localhost:8080/bei?wsdl kwenye kivinjari. WSDL (faili la XML linaloeleza huduma yako) isipoonekana, usianze kuandika klienti, yaani programu itakayoiita huduma. Madarasa ya klienti yatazalishwa na jaxws-maven-plugin kutoka WSDL hiyohiyo.

Mwenzako wa Kondele hataifikia huduma hiyo kwa laptop yake hata mkiwa Wi-Fi moja: localhost ni mashine yako tu. Kwenye Endpoint.publish weka 0.0.0.0 badala ya localhost, yeye atumie IP yako.

Lakini kama hakuna anayekulazimisha SOAP, rudisha JSON tu; upande wa klienti, java.net.http.HttpClient tayari imo ndani ya JDK.