Kompyuta inayojiunga yenyewe na Wi-Fi za watu: fanya hivi

Mkuu, umeuliza kwa nini laptopu yako ukiifungua stendi unakuta iko hewani tayari na hujagusa kitu, na kama kuna ubaya. Ubaya upo. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar, na mashine nyingi zinazofika mezani kwangu ziko hivyo hivyo.

Kila Wi-Fi unayojiunga nayo, Windows inatunza jina lake, na ukiwa umeacha ile alama ya kujiunga yenyewe, siku ukipita tena haikuulizi. Kwa Wi-Fi ya wazi, isiyo na paswadi, inachoangalia ni jina basi. Mtu akiwasha hotspoti ya simu akaiita "Free WiFi", mashine zilizowahi kujiunga na "Free WiFi" ya wazi popote pale zinaweza kumfuata kama vifaranga. Yenye paswadi ni ngumu kuigiza, ila kama paswadi imebandikwa kaunta kila mteja aisome, hapo hakuna ulinzi.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 2004 watafiti wa usalama wa kompyuta, Dino Dai Zovi na Shane Macaulay, walionyesha programu yao ya KARMA: kompyuta za enzi hizo zilikuwa zinaita hewani majina ya mitandao zinayoikumbuka, nayo KARMA inaitikia kila jina, "ndiye mimi". Siku hizi zimepunguza kuita ovyo, lakini wezi hawajaacha. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimfungulia mashtaka mtu aliyedaiwa kuweka Wi-Fi feki kwenye viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide. Ukijiunga, unaletewa ukurasa wa kuingia kwa barua pepe au akaunti yako ya mtandao wa kijamii. Hapo ndipo watu wanaliwa sasa. Tovuti nyingi zina https, yaani zinaficha kwa siri mawasiliano yako nazo, kwa hiyo kusoma unachotuma si rahisi; ila paswadi unaiandika kwa mkono wako mwenyewe.

Kuona Wi-Fi zote Windows inazozikumbuka, fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), andika:

netsh wlan show profiles

Usishtuke. Kuna mteja wangu, mtu wa semina, orodha yake ilishuka hadi ikapita skrini: hoteli za Dodoma, za Morogoro, "Guest" kadhaa, hotspoti za watu asiowakumbuka. Tulifuta karibu zote, hivi (badala ya Guest weka jina la Wi-Fi unayoifuta):

netsh wlan delete profile name="Guest"

Ile unayoihitaji lakini hutaki ijiunge yenyewe:

netsh wlan set profileparameter name="Guest" connectionmode=manual

Kama dirisha jeusi linakutisha, ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha Manage known networks. Utaona kila jina na kitufe cha Forget. Ukishafuta, paswadi inaondoka nayo, kwa hiyo ya nyumbani iandike pembeni kwanza. Kwenye Mac unazima Auto-Join kwa kila mtandao. Na mambo ya benki fanyia kwenye bando lako, najua bando linauma.

Umegusia pia kuficha jina la Wi-Fi ya nyumbani. Usifiche. Jina likifichwa, kompyuta yako inalazimika kuliita kila unakokwenda, hata ukiwa stendi, na mwenye kusikiliza analipata bure. Liache lionekane, weka ulinzi wa Wi-Fi uitwao WPA2 au WPA3 na paswadi ndefu, na ile paswadi iliyokuja na ruta ibadilishe leo.