Waja Leo, Waondoka Leo: Kuongoza Kundi Kwenda Amani na Kurudi Tanga Siku Hiyohiyo

Anayeanza kazi ya kuongoza matembezi kutoka Tanga mjini kwenda Amani, hifadhi ya msitu katika milima ya Usambara Mashariki, kwa kawaida hupanga siku yake kuanzia alfajiri: tutaondoka saa fulani, tutafika saa fulani, tutatembea, tutarudi. Wewe panga kuanzia mwisho. Anza na jua linapozama, kisha hesabu kurudi nyuma mpaka ufike kwenye saa ya gari kuwashwa.

Huku kwetu jua huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro robo jioni, kutegemea mwezi. Lakini chini ya miti ya Usambara Mashariki giza halisubiri jua. Saa 11 jioni njia ya msituni tayari ina kivuli kizito, na mizizi haionekani vizuri. Kwa hiyo weka sharti lako hivi: kundi lote liwe garini saa 10 jioni. Barabara ya kushuka kutoka Amani hadi Zigi, lilipo lango la hifadhi, ina kona kali na miteremko, na dereva aipite akiwa na mwanga. Kutoka hapo mpaka Muheza, kisha kama kilomita 35 za lami mpaka Tanga, hata jioni ikiingia si tatizo.

Sasa hesabu ya mguu. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita 8 yenye kupanda mita 400. Kilomita zinakupa dakika 96, mwinuko dakika 40, jumla saa 2 na dakika 16. Hiyo ni hesabu ya mtu mzoefu asiyesimama. Kundi la wafanyakazi wa ofisini na wanafunzi, wanaopiga picha, wanaotazama mbega juu ya miti, ambao wengine wao hawajawahi kupanda chochote kirefu kuliko ngazi, zidisha mara 2. Unapata saa 4 na nusu. Ongeza dakika 40 za chakula. Mkianza kutembea saa 3 asubuhi, mnamaliza kama saa 8 na dakika 10 mchana, na mna akiba ya karibu saa 2 kwa lolote litakalotokea. Akiba hiyo usiitumie kuongeza maporomoko ya maji ya pili kwa sababu wageni wamechangamka. Ni ya mtu atakayeteguka mguu.

Ili kuanza kutembea saa 3, gari liondoke Tanga saa 12 kamili asubuhi. Watangazie wageni saa 11 na nusu, maana kuna atakayechelewa, na kuna atakayekumbuka chupa ya maji akiwa kwenye kiti. Kutoka Tanga hadi Amani tenga saa 2 na nusu, pamoja na kusimama Muheza kwa choo na kununua machungwa. Pale lango la Zigi kuna ukaguzi na malipo ya kiingilio. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo malipo ni ya serikali na hufanywa kwa namba ya malipo. Simu ya mtu mmoja ikikosa salio au mtandao ukisumbua, nusu saa imekwenda. Kusanya majina, uraia na fedha za wageni wote siku moja kabla.

Jioni hiyohiyo mpigie mwongozaji wa kule kule hifadhini. Hata kama wewe ni mwenyeji wa Tanga na umeshapita njia hiyo, mchukue mtu wa kule, mlipe mlichokubaliana, wala usimkate bei mbele ya wageni. Yeye ndiye anayejua mti ulioanguka juzi na daraja la magogo lililooza. Muulize mambo matatu: mvua ya mwisho ilinyesha lini, mito imejaa kiasi gani, na siafu wako wapi. Usitazame anga la Tanga ukadhani ndilo la Amani. Milima hii ndiyo ukuta wa kwanza kukutana na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa inapopandishwa hupoa na kumwaga maji, ndiyo maana Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na inaweza kunyesha hata nje ya masika na vuli. Joto nalo hupungua zaidi kidogo ya nusu nyuzi kwa kila mita 100. Amani iko kwenye mita 900 hivi, basi tarajia nyuzi 5 hadi 6 chini ya zile mlizoziacha Tanga mjini. Mgeni aliyevaa fulana tu, akilowa, anaanza kutetemeka mchana kweupe.

Vifaa vikaguliwe kabla ya gari kuondoka. Mkifika Zigi mmechelewa. Angalia viatu kwanza, kwa kuinua soli na kuitazama. Raba yenye meno inatosha. Raba iliyolika, kandambili na viatu vipya vilivyonunuliwa jana havifai. Udongo mwekundu wa kule ukilowa huwa kama sabuni, na kiatu kipya hutoa malengelenge kabla ya kilomita ya tatu. Maji ni lita 3 kwa kila mtu: lita 2 mkobani, lita 1 ibaki garini kwa kurudi. Kwa watu 8 hizo ni lita 24, kwa hiyo dumu moja la lita 20 halitoshi. Kila mtu awe na koti la mvua, suruali ndefu, soksi za kuingiza suruali ndani, na tochi hata kama mnarudi mchana. Simu si tochi. Betri yake mtaihitaji kupiga simu.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga na machungwa vinatosha. Wali wa nazi uliopikwa usiku na kufungwa ungali moto, mpaka saa 7 mchana umeshachacha.

Wewe kiongozi beba bendeji pana 2, plasta, mkasi, glavu, filimbi, na paketi za chumvichumvi (ORS, za kurudisha maji mwilini) za kuchanganya na maji lita 1. Zikikosekana, lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko, vinafanya kazi hiyo. Kabla ya kuondoka mwite kila mgeni pembeni umuulize kama ana pumu, kisukari, presha au ujauzito. Mbele ya watu wengi mtu mzima hasemi. Mwenye pumu aonyeshe dawa yake ya kuvuta iko mfuko gani.

Njiani, kiongozi mmoja kwa watu 8, na nyuma kabisa awepo mfunga msafara asiyepitwa na yeyote. Mtu mzito wa mwendo muweke wa pili, mgongoni mwa kiongozi. Akikaa nyuma, kila mkimsubiri wenzake wanapumzika, naye akifika tu mnaondoka. Anatembea siku nzima bila kupumzika na mwisho anaanguka kwenye mteremko. Hesabu vichwa kwenye kila njia panda. Mwendo sahihi wa kupanda ni ule unaoruhusu watu kuongea. Wakinyamaza wote, punguza.

Ajali nyingi hutokea mkishuka, saa 7 hadi saa 9 mchana. Mapaja yamechoka, watu wameshaona walichokuja kuona, na mawazo yako garini. Kabla ya kuanza kushuka simamisha kundi dakika 10, wanywe maji, wakaze kamba za viatu upande wa kifundo ili vidole visigonge mbele. Waambie wapige hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, wasishike mti bila kuutazama, kwa sababu ya miiba na nyoka wa mitini. Kwenye kingo za mashamba tahadhari na upupu: ukimpata mtu, asikune, bandika plasta ya gundi na uibandue ili ivute manyoya, ndipo aoshwe.

Mvua kubwa ikinyesha na maji ya mto yakawa ya kahawia na kufika juu ya goti, msivuke. Mito ya milimani hujaa haraka na kupungua haraka. Subirini au zungukeni. Mto Zigi ndio unaolisha maji mji wa Tanga, na ukiuona siku ya masika utaelewa nguvu yake.

Mtu akiteguka, msivue kiatu kama bado kuna mwendo. Mfungeni bendeji juu ya kiatu, mmoja abaki naye daima. Mtandao haupo kila mahali, basi jifunze filimbi ya kuomba msaada: milio 6 ndani ya dakika 1, nyamaza dakika 1, rudia. Kuvunjika mfupa au kuumwa na nyoka ni safari ya Hospitali Teule Muheza, moja kwa moja, bila kukata wala kunyonya jeraha. Dereva awe na namba ya hospitali tayari, na gari ligeuzwe lielekee chini tangu asubuhi.

Wageni watauliza mengi. Soma kabla ya kwenda. Nyumba ya zamani pale Zigi ilikuwa ya stesheni ya reli ya Wajerumani, ambao walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902. Ua dogo la zambarau linalouzwa madukani Ulaya kwa jina la Saintpaulia asili yake ni hukuhuku, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, lionyeshwe, lisichumwe.

Mkirudi mjini, waambie wajikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni usiku huohuo, na atakayepata homa katika wiki mbili au tatu zinazofuata apime malaria. Kesho yake asubuhi mpigie tena yule mwongozaji wa Amani, umwambie ni wapi njia imeharibika.