Maswali ya Wasomaji: Je, kipindupindu kinachagua mtaa?

SWALI: Nakaa Manzese, nyumba ya wapangaji, kaya saba na choo kimoja. Kila masika tunatangaziwa kwamba kipindupindu kinaletwa na uchafu wetu. Tunafagia, choo tunadeki kwa zamu, lakini wanaougua ni sisi, si matajiri wa Masaki. Tunakosea wapi?
*Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam*

JIBU: Mama, hamjakosea kwenye ufagio, na kauli ya "uchafu wenu" hatuikubali. Kimelea cha kipindupindu kinahitaji njia moja tu: kitoke kwenye kinyesi cha mtu, kiingie kwenye maji au chakula cha mwingine. Wengi walioambukizwa hawaharishi sana, wengine hawaoni dalili yoyote, ila huacha vimelea chooni kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo usafi unaoonekana kwa macho hautoshi. Kinachookoa ni vizuizi kati ya choo na kikombe, na vizuizi hivyo hununuliwa kwa pesa.

Tupige hesabu ya maji. Dumu la lita 20 likiuzwa Sh 200, uniti moja, yaani lita 1,000, ni madumu 50: Sh 10,000. Mwenye mita nyumbani kwake halipi hata nusu ya hiyo kwa uniti. Kiwango cha chini kinachotumika hata kwenye kambi za wakimbizi ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji lita 75, karibu madumu manne, Sh 800 kila siku ya Mungu. Anayemudu madumu mawili atapika, atakunywa, ataogesha watoto. Maji ya kunawa baada ya choo ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Bango la "nawa mikono" halimwongezei dumu hata moja.

Halafu kuna mipira ya maji inayopita ndani ya mtaro. Bomba likiwa na presha, mpira uliotoboka humwaga maji nje. Maji yakikatika, presha huisha na tundu lilelile hunyonya maji ya mtaro. Ndoo ya kwanza maji yanaporudi ndiyo ya hatari kuliko zote. Iacheni kwa kumwagia choo, msiinywe. Mitaa ambayo maji hayakatiki, au yenye tenki la akiba, haina balaa hili.

Choo nacho. Kaya saba zenye watu watano kila moja ni watu 35 kwa tundu moja, wakati kambini hulengwa watu wasiozidi 20. Kikijaa, gari la majitaka halipiti uchochoroni, na hata likipita bei yake ni kubwa. Ndipo mwenye nyumba anasubiri mvua, anatoboa ukuta wa shimo na "kutapisha" choo usiku. Kinyesi kinashuka na mtaro hadi kwenye ile mipira. Mtu aliye bondeni anaugua kwa choo ambacho si chake.

Mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umepakana nao, ukinywa maji ya mto uleule wa Elbe, tena ukiyachota upande wa chini wa mto, mahali majitaka ya Hamburg yalipokwishaingia. Altona haikupigwa hivyo. Tofauti yake ilikuwa kitu kimoja: ilikuwa imejenga vichujio vya mchanga, Hamburg ilikuwa bado haijakamilisha vyake. Kwenye mpaka wa miji hiyo, upande mmoja wa barabara waliugua na upande wa pili wakanusurika. Hakuna aliyeweza kudai kwamba upande mmoja ulifagia zaidi.

Wiki hii fanyeni hivi. Maji ya kunywa: kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20 za maji maangavu, funika, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha tia vidonge viwili, kwa sababu tope hula klorini kabla haijafika kwa vimelea. Hifadhi kwenye ndoo yenye koki au dumu lenye mdomo mwembamba. Kikombe kinachochovywa kwa mkono hurudisha uchafu hata kwenye maji yaliyotibiwa vizuri.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, msisubiri asubuhi. Anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Bila tiba, kati ya wagonjwa mahututi hata nusu hufa; wakitibiwa mapema ni chini ya mmoja kwa 100. Mkiwa njiani mnywesheni ORS kidogo kidogo. Kama pakiti hakuna: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inamdhuru, hasa mtoto.

Kwenye serikali ya mtaa msiende na malalamiko matupu. Andikeni: kila choo kina watumiaji wangapi, mpira unakatiza mtaro wapi, dumu ni bei gani. Ombeni kioski cha maji, mipira iondolewe mitaroni, na huduma ya kunyonya vyoo kwa pampu ya mkono inayoingia uchochoroni. Karatasi yenye namba na mahali ni ngumu kuikalia.

SWALI: Mimi ni mama lishe. Mlipuko wa kipindupindu ukitangazwa tunafungiwa. Nifanye nini ili nisifungiwe?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Amri ikitoka, iheshimu. Lakini tunasema wazi: kufunga bila fidia huhamishia biashara uani, ambako bwana afya haoni kitu.

Hatari kubwa kwako ni wali uliopoa. Kimelea hiki huzaliana vizuri kwenye wali ulioachwa kwenye joto la kawaida. Pika kidogo mara mbili badala ya sufuria moja ya asubuhi, uza ukiwa unatoa mvuke, na kiporo kipashwe hadi kichemke chote. Kachumbari iache mpaka mlipuko uishe. Weka ndoo ya koki na sabuni mbele ya wateja, si nyuma. Vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe kwa maji yaliyotiwa dawa, vikaushwe kwenye kichanja. Kitambaa kimoja cha kufutia sahani zote husambaza kuliko kusafisha.

Akitapika mtu kibandani, changanya nusu lita ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na lita 3 za maji, mwagia, subiri dakika 10 ndipo usafishe. Mchanganyiko huo utengenezwe upya kila siku, maana hupoteza nguvu.

SWALI: Kaka yangu kibarua ameacha dawa za TB akiwa mwezi wa pili wa tiba. Anasema amepona, na kila akienda kliniki anapoteza siku ya kazi.
*Mdogo wake, Morogoro*

JIBU: Mrudishe kliniki wiki hii, na asianze tena mwenyewe vidonge vilivyobaki; lazima apimwe makohozi kwanza. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Nafuu ya mwezi wa pili ni ya kweli, ila vimelea vilivyobaki ndivyo vigumu kufa, na ndivyo vinavyoweza kuzaa usugu.

Vipimo na dawa ni bure. Kinachomwangusha ni nauli na ujira wa siku. Amwambie mhudumu hivyo hivyo bila aibu, kisha aombe kumezea nyumbani chini ya msimamizi anayemchagua, nawe unaweza kuwa huyo, na achukue dawa kituo cha karibu zaidi na kazini. Chumba anacholala kifunguliwe dirisha na mlango vinavyotazamana. Watoto wa chini ya miaka 5 wanaoishi naye wapelekwe wachunguzwe, hata kama hawakohoi. Wasiokuwa na TB hupewa dawa ya kinga.