Udongo wa Tanga chini ya buti la milimita 28

Juzi kijana mmoja wa Nairobi aliniandikia: "Mzee, hivi vitako unavinunua wapi? Nataka vyangu vifanane na vyako kabla Desemba haijaisha." Alikuwa ameona picha ya askari wangu, vile visanamu ninavyovipaka rangi, walioshika nafasi ya pili kwenye mashindano mwezi uliopita. Nikaanza kumjibu mistari minne. Chai ikapoa, jibu likafika ukurasa wa tatu, na bado sikuwa nimemtajia duka hata moja. Basi nimelihamishia hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Ninyi mnaonisoma mnataka alichokitaka yeye: sanamu isiyozidi pingili mbili za kidole, imewekwa mezani katikati ya nyingine mia mbili, na mtu azipite zote aje aiinamie ya kwako.

Kwa aliyeingia leo: kitako ni kile kiduara cha plastiki au cha ubao mwembamba anachosimamia askari. Vyangu ni vya milimita 25. Mke wangu ni mtu wa Pangani, na mpaka leo hawezi kunisikia nikisema kwenye simu "vitako vyangu bado vibichi" bila kutoka chumbani akicheka.

Naishi Nottingham, Uingereza. Wenye ugonjwa huu wanajua maana yake: makao makuu ya Games Workshop, kampuni ya sanamu za michezo ya vita, yako hapa, mtaa wa Lenton, na watengenezaji wengine wa sanamu wamejikusanya mjini na pembezoni kama wachonga vinyago walivyojikusanya Mwenge. Niliingia kwa kumsindikiza mwanangu. Yeye aliacha baada ya miezi minane akahamia mpira, mimi nikabaki. Miaka mitatu iliyofuata siwaelezi. Nilipaka rangi mazimwi na mifupa inayotembea kama kila mtu, vitako vikiwa vyeusi tupu.

Kilichonigeuza ni Tanga. Nimezaliwa huko. Babu yangu alitoka Kigoma akaja kama manamba kukata mkonge, akaoa, hakurudi. Sasa, Jumamosi moja nikaingia kwenye ukumbi wa klabu ya wanaocheza vita vya mezani kwa sanamu hizi, nikakuta jamaa wawili wanacheza vita vya Tanga vya Novemba 1914. Vile ambavyo Waingereza waliteremsha Raskazone jeshi la watu wapatao 8,000 lililotoka India, likapigwa na watu wapatao 1,000 wa kamanda Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck, wengi wao askari Waafrika, na kufikia tarehe 5 waliosalia walikuwa wanarudishwa melini. Mimi nimejifunza kuogelea Raskazone. Nikaisogelea meza kwa hamu, nikaona mchanga wa njano kutoka pembe hadi pembe, na katikati mgunga mmoja wenye kichwa bapa. Tanga hiyo! Tena Novemba, vuli imeshaanza, majani yanapanda mpaka dirishani!

Sikusema kitu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nitawaonyesha.

Nikanunua kila kitu. Vishungi vya nyasi vya kubandika, vya aina sita. Changarawe za pakiti, unga wa rangi ya kutu, majani ya karatasi yaliyokatwa kwa mashine. Pauni mia moja na arobaini, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi za usiku ghalani. Nikabandika vyote kwenye vitako kumi na viwili. Jiwe la matumbawe nililitengeneza kwa plasta nikalipaka jeupe pee, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyolikumbuka, jua la saa sita likilipiga. Nikawapeleka askari wangu kwenye mashindano ya klabu moja kaskazini ya hapa.

Mwamuzi alikuwa mzee mpole, mwenye miwani ya kukuzia kichwani. Aliwatazama labda kwa nusu dakika. Akasema rangi ya nguo ni nzuri, ila vitako "ni vya kijani mno kwa Afrika." Utepe akampa jamaa wa mchanga wa njano.

Nitawaambia ukweli, iliniuma, na inaniuma ninapoandika. Mtu anayekwambia kwenu si kwenu. Nilifunga sanduku nikaendesha gari saa mbili bila redio. Askari wale nikawaweka juu ya kabati la jikoni na nikasema basi. Kila mtu aliyenitembelea nilimsimulia habari ya mwamuzi, mpaka shemeji yangu akaanza kuimalizia yeye.

Wakakaa kabatini miezi sita. Siku niliyowashusha nilikuwa natafuta kinu. Nikawapanga mezani, nikarudi nyuma hatua mbili kama mwamuzi anavyofanya, na sikumwona askari. Wallahi. Niliona jiwe jeupe linang'aa, niliona vishungi sita vya nyasi vimesimama kama nywele za mtu aliyepigwa na umeme, na mahali fulani nyuma yake kulikuwa na kofia. Yule mzee hakujua jiografia, hilo sitalisamehe. Lakini alichokuwa anakiona kilikuwa kibaya kweli, na mimi kwa hasira yangu ya Tanga sikutaka kukijua.

Hapo ndipo nilipochukua rula. Sanamu ya milimita 28 ni takriban mtu aliyepunguzwa mara 56. Yaani milimita moja kwenye kitako ni sentimita tano na nusu za duniani. Changarawe niliyodhani ni kokoto ndogo, ya milimita 5, ilikuwa jiwe la sentimita 28, na askari wangu amelikanyaga bila kujikwaa. Nyasi zangu zilikuwa zinamfika kiunoni mtu anayepaswa kuwa kwenye njia ya watu. Tangu siku ile mchanga wote naupitisha kwenye chekeche la chai. Unaopita ndio ardhi. Unaobaki ndio mawe, na mawe natia mawili, matatu yakizidi. Mchanga wa pwani uoshwe chumvi kwanza kwa maji mengi, ukaushwe kwenye oveni, ndipo uguse gundi.

Kisha nikampigia dada yangu aliyebaki Tanga. Nikamwomba aende Raskazone, achuchumae, anipigie picha ya ardhi. Si bahari, si meli, ardhi tu, kiatu chake kikionekana ukingoni. Akasema wenzangu wakiwa Ulaya huomba dagaa na pilipili manga. Lakini alikwenda, Mungu ambariki, akanitumia picha kumi na tisa.

Zile picha zilinitia aibu. Jiwe la matumbawe si jeupe. Ni la kijivu, lina mashimo meusi kama sega kuukuu, na weupe uko kwenye kingo tu, palipovunjika karibuni. Chini yake pana ukungu wa kijani. Kwa hiyo nikaacha plasta, nikachukua kizibo cha chupa, nikakimega kwa mkono bila kisu ili kivunjike chenyewe. Kijivu kizito kwanza. Kisha rangi nyeusi ya kahawia iliyolainishwa kwa maji mengi, ijiendee yenyewe mashimoni. Ikikauka, brashi kavu: unachovya, unaifuta kwenye karatasi mpaka unadhani haina kitu, ndipo unapapasa kingo kwa rangi ya pembe za ndovu. Nyeupe kutoka chupani hailigusi jiwe kabisa.

Upande wa Muheza na Korogwe udongo ni mwekundu, na hapo wengi mnaharibu. Mnatia nyekundu. Udongo mwekundu ni kahawia kwanza, matofali baadaye, na vumbi la rangi ya ngozi ya chungwa juu kabisa, kidogo. Vumbi hilohilo lipande kwenye buti na kwenye zile pati za miguuni, vile vitambaa vya kuzungushia miguu, la sivyo askari ataonekana ameshushwa kwa kamba kutoka mbinguni. Kama mnasahau yote niliyosema, hili la vumbi mguuni msilisahau. Ardhi na mtu vigusane.

Nyuki nao. Anayeijua Tanga ya 1914 anajua nyuki waliwashukia wapiganaji, na Waingereza wenyewe wanaviita vita vya nyuki. Lazima nami niwe na nyuki, nikafikiri. Nyuki wa milimita 12 akipunguzwa mara 56 hafiki hata robo ya milimita. Nikajaribu pilipili manga iliyosagwa kwenye gundi. Askari akaonekana ametumbukia kwenye sufuria ya pilau. Nilikaa na kosa hilo wiki nzima, mpaka nikakumbuka kwamba nyuki nao wana nyumba: mzinga wa gogo, ule unaotundikwa mtini. Gogo la mita moja ni kijiti cha milimita 18. Nikaziba ncha mbili kwa tone la gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, nikautundika kwenye tawi kwa uzi. Askari chini yake ameinua uso. Basi, nyuki hawapo na kila mtu anawasikia.

Mkonge ndio ulionichukua muda mrefu zaidi, na ndio ninaouonea fahari, kwa hiyo nivumilieni. Jani la mkonge ni la mita moja hadi moja na nusu, yaani milimita 18 hadi 27 kwetu. Nilikata majani ya karatasi ya bahasha nzito, upana wa milimita mbili, nikayakunja kidogo katikati ili yawe na mfereji, kisha nikayabandika kwa kuzunguka ncha ya kijiti cha meno, ya ndani yakisimama, ya nje yakilala. Majani kumi na matano kwa mche mmoja. Kijani chake kina buluu na majivu, si kijani cha mgomba. Na kila ncha tone la kahawia nyeusi, ule mwiba. Babu alikuwa na kovu la mwiba huo chini ya jicho. Miche minne ya kwanza nilitupa. Wa tano nikaupiga picha nikamtumia baba, akaikuza kwenye simu yake, akauliza ni shamba la nani.

Mlingoti wa ua la mkonge nilijaribu mara moja. Wa mita tano unakuwa karibu sentimita tisa, ukaiangusha sanamu nzima mezani, mkono wenye bunduki ukang'oka. Niliuacha.

Nyasi ndefu za kando ya njia? Hapo Mwenyezi Mungu ana utani wake. Nilikuwa nimeshatumia zile pauni zangu zote kwenye vishungi vya dukani, na siku moja kwenye duka la bustani nikashika kamba ya kufungia nyanya. Katani. Ileile. Nikaifumua uzi kwa uzi, nikakata vipande vya milimita 10, nikavisimamisha kwenye tone la gundi, nikavipapasa kwa kijani kilichozimuliwa, nikaacha ncha rangi yake. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mpaka leo zulia la katani liko chini ya miguu ya watu. Sasa liko chini ya miguu ya askari wangu pia, kwa pauni tatu kamba nzima.

Kwa hiyo ndugu zangu, nawasihi, acheni kununua Afrika ya pakiti. Mko Nairobi, mko Morogoro, mko Bujumbura, mmekanyaga kitu ambacho hawa wenzangu wa hapa wanakitafuta kwa kubahatisha, na bado mnaniuliza niwatumie kiungo cha duka. Mtu wa Nakuru ananionyesha kitako chenye theluji. Theluji! Ukimuuliza kwa nini, anasema ndivyo alivyoona kwenye picha za wengine. Inameni. Angalieni chini. Tazama maji ya mvua yamelaza majani upande gani, tazama changarawe zinakusanyika wapi njiani (pembeni, kamwe si katikati, miguu inazisukuma). Najua nahubiri. Nimelipia mimbari hii pauni mia moja na arobaini.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye mashindano yaleyale, na askari walewale. Nilikuwa nimewang'oa vitako vya zamani kwa wembe, nikatoboa nyayo kwa keekee ya milimita moja, nikatia waya ili wasimame imara kwenye vipya. Mwamuzi alikuwa yuleyule. Safari hii aliinama, akashusha miwani, akakaa hapo mpaka nikaanza kutokwa jasho. Akauliza nyasi ni za kampuni gani. Nikatoa kipande cha kamba mfukoni. Alikishika, akakinusa, akasema kinanuka ghala. Nikamwambia kinanuka kwetu. Habari ya kijani sikumkumbusha. Nilitaka sana.

Nafasi ya kwanza alipata mama mmoja aliyetengeneza kinamasi cha Ufaransa kwa utomvu bandia, maji yake unaona mpaka chini. Alistahili. Nilimuuliza anafanyaje viputo visibaki, akasema anamimina tabaka nyembamba na kusubiri siku nzima kabla ya kuongeza nyingine. Nitajaribu kwa mikoko.

Kijana wa Nairobi, gundi ni ile nyeupe ya mafundi seremala, izimue kwa maji kidogo. Hukuniambia askari wako ni wa vita gani wala wanasimama wapi. Nijibu hilo kwanza, na picha ya ardhi uipige ukiwa umechuchumaa.