Dogo kaitwa timu ya roboti shuleni? Kaangalie kwanza nani anashika spana

Mtoa mada umeuliza hivi, kijana wako kaingia high school huku Michigan, mwalimu kamuita kwenye timu ya roboti, na wewe unaona ni mchezo wa watu wenye hela utakaomla muda wa masomo. Halafu kuna mdau hapo juu kasema roboti zenyewe wanajenga mainjinia watu wazima, watoto wanapiga nazo picha tu. Mimi ni fundi mashine, nakereza vyuma kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na jioni nasaidia timu moja ya sekondari hapa hapa Michigan, misimu kadhaa sasa. Ngoja niseme ninachokiona.

Kwanza hicho sio kidoli cha rimoti. Mashindano yenyewe ni FIRST Robotics Competition, aliyeyaanzisha ni Dean Kamen pamoja na Woodie Flowers aliyekuwa profesa MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani, ya kwanza yalichezwa 1992 kwenye ukumbi wa shule kule New Hampshire, timu 28 tu, leo Michigan peke yake ina timu mamia. Roboti ina kilo hamsini na kitu kabla hujaweka betri na bampa, ikija kwa kasi upande wako hutasubiri uambiwe uruke. Mwanzoni mwa Januari wanatangaza mchezo wa mwaka huo, dunia nzima siku moja, na kila mwaka ni mchezo mpya kwa hiyo roboti ya mwaka jana inabaki ya maonyesho. 2024 ilikuwa kuokota maringi ya sponji na kuyarusha golini halafu mwishoni roboti inajining'iniza kwenye cheni, 2025 ikawa kupachika vipande vya bomba la PVC kwenye mnara wenye matawi. Zinacheza 3 kwa 3, na kwenye michezo hiyo miwili mechi ilikuwa dakika 2 na nusu, sekunde 15 za mwanzo hakuna anayegusa kitu, roboti inatembea yenyewe kwa programu walioandika watoto.

Sasa utadhani anayeshinda ni mwenye mtambo wa ajabu. Wapi! Kaa siku moja kwenye vibanda vya matengenezo uone nini kinaua roboti. Ncha ya waya haijabanwa sawasawa, nati ya terminali ya betri imelegea, cheni imeruka jino, mtu kasahau kubadili betri baada ya mechi iliyopita. Betri ni moja tu, ya asidi, volti 12, ndogo kuliko ya gari, na mfumo wa matairi ambao timu nyingi zinatumia siku hizi una mota 8 kwa ajili ya kutembea tu, bado mkono, bado winchi ya kupandia. Dereva akianza kusukumana na mwenzake huku mkono unanyanyuka volti zinaporomoka, zikishuka chini ya 7 hivi kompyuta ya roboti inakata umeme wa mota ili yenyewe isizime, kwa nje unaiona inashtuka shtuka kama ina degedege. Hapo wazazi jukwaani wanamlaumu dereva, dereva anamlaumu aliyeandika programu. Mtoto aliyefundishwa vizuri habishani, anachukua multimita, kile kipimo cha umeme, anapima betri, anafungua rekodi za mechi kwenye laptop aone volti zilianguka sekunde ya ngapi, kisha anapita anavuta waya mmoja mmoja kwa vidole mpaka upatikane unaochomoka. Na ana dakika chache tu kabla hawajaitwa tena. Hiyo kazi nimeona watu wazima wenye vyeti wakiikimbia kiwandani kwetu, wanabadilisha pati mpya kwa kubahatisha mpaka ipone.

Kwa hiyo mdau aliyesema wanajenga wakubwa, ana ukweli kiasi. Wanaoshika rimoti kwenye mechi lazima wawe wanafunzi, hilo halina mjadala, ila kwenye kujenga hakuna kipimo cha mtu mzima afanye kiasi gani, kila timu ina desturi zake. Kuna moja tuliwahi kupangwa nayo, sitaitaja, roboti inang'aa, alumini yote imekatwa kwa CNC, yaani mashine inayoongozwa na kompyuta, mkono ulipogoma hakuna mtoto aliyejua boksi la gia linafunguliwa wapi, ikabidi wamsubiri mzee mmoja aliyekuwa kaenda kula. Walimaliza juu yetu bado, nisiwe muongo. Lakini kama ni mwanangu nisingempeleka pale. Mimi naona kazi ya mkubwa ni kutoboa tundu la kwanza dogo akiangalia, tundu la pili unampa drili na miwani ya usalama wewe unasogea nyuma, akitoboa pembeni hicho chuma kinaenda kwenye ndoo anapima kingine. Ni polepole, inauma, na fundi yeyote anajua mkono unavyowasha kumnyang'anya mtu kifaa.

Kwa hiyo nenda karakana yao jioni moja, usiulize chochote, kaa pembeni uangalie nani anashika spana. Kisha mtafute mtoto mgeni kuliko wote umuulize wiki hii kafanya nini. Akijibu "nilikuwa naangalia" ujue.

Na kama dogo hapendi vyuma asiogope, kuna wanaokaa jukwaani kila mechi wanaandika kila roboti imefanya nini, maana baada ya mechi za mchujo manahodha wa miungano 8, yaani makundi ya timu zinazocheza upande mmoja, wanachagua wenzao mbele ya ukumbi mzima, na mwenye takwimu safi anaiona roboti nzuri iliyokaa nafasi ya 30 wengine wakiwa wameipita. Tena tuzo kubwa kuliko zote, Impact Award, haihusu roboti kabisa, ni timu imefanya nini kwa jamii yake.

Hela: ada ya msimu peke yake ni maelfu ya dola kwa timu, vifaa mbali, ila hiyo inatafutwa kwa wadhamini, mara nyingi viwanda vya jirani. Kinachomfikia mzazi ni safari na chakula, hasa wakifuzu kwenda fainali za dunia Houston, Texas. Uliza mapema na usione aibu, timu nyingi zina utaratibu wa kusaidia. Ndio maana mimi binafsi nayapenda pia mashindano ya kimataifa ya FIRST Global yaliyoanza 2017, nchi moja timu moja, Kenya na Tanzania zimeshapeleka watoto, na wote wanatumiwa boksi la vifaa vile vile, mwenye hela na asiye nazo.

Muda ndio kweli unaliwa, hapo sikudanganyi. Zamani baada ya wiki sita hivi roboti ilikuwa lazima ifungwe kwenye mfuko mpaka siku ya mashindano, tangu 2020 sheria hiyo imefutwa, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia basi, Februari anaweza kurudi saa nne usiku kanuka grisi na homuwek haijaguswa. Wekeni makubaliano nyumbani kabla msimu haujaanza, alama zikishuka anapumzika wiki.

Ila asisubiri Januari. Timu nyingi zinapokea wapya Septemba na Oktoba, ndio wakati wa kufundishwa kushika drili, Januari ikifika kila mtu anakimbia hakuna wa kumuonyesha.